Meno ya Bibi wa Mezani

Fundi Meno akikutana na mtu kwa mara ya kwanza, hamtazami machoni, anamtazama kinywani. Unaweza kumsimulia mkasa wako wote toka mwanzo hadi mwisho, naye akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, lakini akiulizwa baadaye kama ulikuwa mrefu au mfupi, atajibu kwamba una gego bovu chini kushoto. Mkewe husema hata yeye alichumbiwa kwa ajili ya mpangilio wa meno, na kwamba sura yake mume aliigundua baada ya harusi. Fundi husikia hayo akacheka mpaka jino la mwisho, ila hakani.

Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Ameifanya kwa miaka arobaini katika chumba kimoja kinachotazama barabara, penye meza ya mbao iliyoungua hapa na pale kwa taa ya spiriti, kimashine cha kung'arishia, na makopo ya unga wa rangi ya ufizi. Ukutani kuna rafu tatu zilizojaa kalibu za plasta za vinywa vya wateja wake, kila moja na namba yake chini. Mgeni akiingia mara ya kwanza hupepesa macho kidogo, maana si jambo la kawaida kutazamwa na vinywa mia nne kwa mpigo. Fundi hajatupa kalibu hata moja, hata za waliokwisha kufariki.

Meno yenyewe ya zamani, hayo hakuyahurumia kamwe. Alikuwa na desturi aliyorithi kwa aliyemfundisha kazi: mteja akija kuchukua meno mapya, ya zamani huwekwa juu ya kipande cha chuma na kuvunjwa kwa nyundo, mwenyewe akishuhudia. "Ukiyabakiza, utayarudia," humwambia. "Mapya yakikubana siku mbili tu, utakimbilia ya zamani, halafu uniharibie jina mtaani." Wateja wengine walifumba macho. Mmoja aliwahi kulia kama amefiwa. Fundi hakubadili desturi yake kwa ajili ya yeyote, na nyundo yenyewe ilikuwa na msumari wake maalumu karibu na mlango.

Sasa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala la samani. Wenye samani walipohama, wakahamia watu wa filamu. Walipaka madirisha rangi nyeusi, wakaingiza taa na meza nyingi, na mtaa mzima ukaanza kupiga porojo kuhusu wanachokifanya humo. Wiki ya tatu aliingia kwa Fundi mwanamke mmoja aliyechomeka penseli nywelini, akatoa kwenye leso kichwa kidogo kama limau. Kilikuwa kichwa cha bibi kizee, chenye mikunjo na macho na kila kitu, isipokuwa kinywa.

"Shikamoo mzee," alisema. "Mimi ndiye mwongozaji wa filamu hapo ng'ambo. Nimeambiwa una mkono wa vitu vidogo."

"Marahaba. Huyu mgonjwa wako ameanza kuumwa lini?" akauliza Fundi, na kutoka siku hiyo wakaelewana.

Mwongozaji akamweleza. Filamu yao ni ya nyimbo, ya kuonyeshwa wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, na wahusika wake wote ni vikaragosi wa urefu wa shubiri moja, wenye mifupa ya waya. Kikaragosi anasogezwa kidogo, anapigwa picha. Anasogezwa tena kidogo, anapigwa picha nyingine. Picha kumi na mbili zikipita katika sekunde moja, jicho linadanganyika na kumwona mtu anatembea. Mhusika mkuu ni bibi anayewasubiri wajukuu zake siku ya sikukuu. Wajukuu wamechelewa, basi vyombo vya nyumbani vinaanza kuimba naye ili asijione mpweke: birika, viti, hata kandambili. Na mtu akiimba kinywa hakitulii, kwa hiyo bibi yule alihitaji vinywa vingi vya kubadilishwa, kimoja cha kila sauti.

Fundi alitengeneza vinywa thelathini na vinne, kila kimoja na sumaku yake nyuma ndogo kama punje ya mtama. Vilikaa kwenye kisanduku cha vyumba vyumba, vya aaa upande huu, vya ooo upande ule, vya kutabasamu peke yao. Kikaragosi naye akapata jina, Bibi wa Mezani, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa juu ya meza. Alasiri, kazi ikipungua, Fundi alivuka barabara kwenda kumtazama. Aliyemsogeza alikuwa jamaa mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Kobe na wenzake kwa sababu siku nzuri alimaliza picha arobaini, yaani sekunde tatu na ushei. Alifanya kazi akiwa amebana pumzi, na ukipiga chafya karibu naye alikutazama mpaka ukatoka mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia dada yake Fundi. Alikuwa amemzidi miaka minane, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Siku moja alivuka barabara kumletea mdogo wake miwani aliyoisahau, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Dada hakuwa mtu wa kusubiri kimya. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ule wimbo wa bibi aliokuwa akiusikia ukijaribiwa pale ndani, na fundi sauti, mwanamume mnene asiyependa maneno, akavua visikizi vyake masikioni.

"Nani huyo?" akauliza.

Sauti ya dada ilikuwa nzito kidogo, yenye joto, na kila penye herufi s kilitoka kimluzi chembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mwongozaji alimshika mkono akampeleka mbele ya maikrofoni kabla hajapata nafasi ya kukataa. Wimbo mzima ulirekodiwa asubuhi moja:

*Mlango sikuufunga, taa sikuizima,*
*siku zote nasikiliza hatua zenu barazani.*

Kimluzi kile Fundi alikijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, kwani alikitengeneza yeye. Dada alipokuwa na miaka thelathini aliteleza kwenye ngazi zenye maji, akapoteza meno sita ya mbele ya juu. Wakati huo Fundi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kazi na hakuna aliyethubutu kumfumbulia kinywa. Dada akamfumbulia. Kalibu yake ni namba moja, ipo mwanzo kabisa wa rafu ya juu. Kazi ilitoka vibaya: jino la pili kushoto lilikaa upande, na bamba la kukaa kwenye kaakaa lilikuwa nene kama soli ya kiatu. Kwa miaka arobaini Fundi alimwomba dada akubali kutengenezewa mengine. Kwa miaka arobaini dada alijibu, "Haya yananitosha, mdogo wangu," akabadili mazungumzo.

Mwongozaji, kwa kuipenda sauti ile, alitaka Bibi wa Mezani awe na kinywa cha dada hasa, na jino lake la upande. Fundi alinung'unika lakini akatii. Aliazima meno ya dada alasiri nzima, dada amekaa amejifunika mtandio puani, akayaiga kwa udogo katika vinywa vyote thelathini na vinne. Kisha Kobe akaanza kusogeza. Wiki tisa. Na kila alasiri Fundi alipovuka barabara, alikuta kosa lake la ujana kwenye skrini kubwa ya kompyuta, jino la ukubwa wa kiganja limekaa upande mbele ya watu wote. Aliona haya mpaka akakosa usingizi.

Basi akafanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Alitengeneza kwa siri meno mapya ya dada, kwa vipimo vyote vipya, bamba jembamba kama ganda la yai, meno yaliyopangika mpaka ungeapa yameota. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mezani kwake, na alijua hivyo. Siku dada alipotimiza miaka sabini alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamvika, akamshikisha kioo.

"Umeharibu," akatania dada. "Sasa wanaume watanisumbua."

Fundi akacheka. Akayaweka ya zamani juu ya chuma, akatungua nyundo ukutani, na kwa furaha isiyo kifani akayasaga. Dada aliokota kipande kimoja, akakitazama, akakirudisha. Vipande vilikwenda na taka za jioni ile.

Wiki mbili baadaye, mwongozaji aliamua kubadili mwisho wa filamu. Mwanzoni wimbo ulikwisha bibi angali anasubiri. Sasa alitaka mlango ufunguke bibi akiwa katikati ya wimbo, wajukuu waingie. Kulihitajika beti moja mpya tu. Dada akaitwa, akasimama mahali pale pale mbele ya maikrofoni, akaimba:

*Ingieni, msisimame, sasa nyumba imesikia,*
*sikukuu imeshafika kwa sauti zenu pia.*

Aliimba sawasawa. Hakukosea noti hata moja. Fundi sauti akavua visikizi, akavitazama kama vyenye makosa ni vyenyewe, akavaa tena.

"Huyu siye," akasema.

"Mama, una mafua?" akauliza mwongozaji.

Wakamrudisha mara ya pili, ya tatu. Sauti ilikuwa safi, nyepesi, ya mtu mwingine kabisa. Mluzi haukuwepo. Wakaicheza ile ya zamani kisha hii mpya, moja nyuma ya nyingine, na hata asiyejua lolote angedhani bibi ametoka nje na jirani yake ameingia. Dada akasimama akiupapasa mdomo wake kwa kidole, akamtazama mdogo wake.

"Ni meno," akasema. "Nimembadilishia meno."

"Si avae yale ya zamani tu?" akasema mwongozaji, uso ukimchangamka.

"Nimeyavunja kwa nyundo."

Kobe akakaa taratibu juu ya kreti. Mwongozaji akachomoa penseli nywelini, akaichomeka tena. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alieleza kwa upole kwamba ikiwa sauti haitalingana, hana budi kumtafuta mwimbaji mwingine aimbe wimbo wote upya. Na kwa kuwa kinywa cha Bibi wa Mezani kilisogezwa kwa kufuata pumzi za dada, mluzi kwa mluzi, wiki zote tisa za Kobe zitatupwa. Sauti ya dada itatoka kwenye filamu. Sikukuu zinakaribia, anaweza kusubiri mpaka Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Fundi alifunga duka, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona siku ya kazi. Alishusha kalibu namba moja, iliyoonyesha pengo tu bila yale meno sita, akaipangusa vumbi, akaanza. Ungedhani fundi wa miaka arobaini hashindwi kuiga kazi ya mwanafunzi. Alishindwa. Jino la pili kushoto kila alipolilaza upande, vidole vyake vililisimamisha bila ruhusa yake. Jumatano akajilazimisha: akalipinda kwa koleo, akanenepesha bamba kwa makusudi. Dada akavaa, akaimba, na ukatoka mluzi wa kuitia mbwa. Fundi sauti, aliyeitwa dukani, akajikuna shavu. Kobe, aliyekuja kusikiliza, akaaga kwa adabu akarudi alikotoka.

"Sikumbuki, Dada," akasema Fundi walipobaki wawili. "Nimejaribu kukumbuka nilivyokosea, na sikumbuki. Nimekuharibia."

"Mimi nakumbuka," akasema dada. "Lakini si kwa macho. Ulimi ndio unakumbuka. Wewe tafuta atakayekuonyesha jinsi lile jino lilivyokaa, haya mengine niachie."

Fundi akakaa akiitazama rafu. Halafu akaruka kutoka kitini, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, pikipiki ikamkosa kidogo.

Bibi wa Mezani alikuwa amesimama nyumbani kwake, mkono mmoja hewani, akisubiri beti yake ya mwisho. Fundi alimwomba Kobe kile kinywa kikubwa kuliko vyote, cha aaa, ambacho meno yote huonekana. Akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, na lile jino likajitokeza kama alivyoliiga mwenyewe kwa kunung'unika: halikupinda kama alivyodhani. Lilikuwa limezunguka kidogo, ukingo mmoja ndani, ukingo mwingine nje, na mwanya wake ulikuwa juu karibu na ufizi. Miaka yote hiyo alikuwa akilionea haya bila kulitazama sawasawa. Akalipima, akazidisha kwa nne, akaandika kwenye kiganja.

Alhamisi asubuhi dada alikaa kwenye kiti cha wateja, taa ya spiriti imewashwa. Fundi alipaka nta laini kwenye bamba, dada akavaa, akaguna beti moja, akavua.

"Bado. Ulimi una nafasi kubwa mno. Ongeza."

Akaongeza. Akavaa, akaguna.

"Ongeza tena, huku nyuma. Nyuma kulikuwa na kilima."

"Kilima, Dada?"

"Kilima kizima, mdogo wangu. Nilikipanda kila siku kwenda kusema neno."

Wakacheka wote wawili mpaka nta ikapoa. Na katika kucheka huko Fundi akauliza lile ambalo hakuwahi kuuliza. "Kama yalikuwa mabaya kiasi hicho, kwa nini hukuyarudisha?"

Dada aliigeuzageuza nta mkononi. "Ulinivika, nikashindwa kutaja hata jina langu. Nikakutazama, na wewe ulikuwa unanitazama. Nikajua nikiyatoa, kesho hurudi kazini. Nikaenda nayo nyumbani. Watu wakilala mchana, mimi najifungia jikoni naimba, maana kuimba ni kusema polepole. Miezi mitatu, mpaka ulimi ukajua njia zake. Kabla ya hapo mimi sikuwa mwimbaji hata kidogo. Umesahau? Kanisani waliniomba nifungue mdomo tu nisitoe sauti."

Fundi Meno, ambaye ameona watu wengi wakilia kwenye kiti kile, alilia akiwa amesimama kando yake, nta inamdondokea kiatuni. Alimpenda dada yake siku hiyo kuliko siku zote. Alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na dada akamwambia awashe taa vizuri, kazi inapoa.

Ijumaa saa nne asubuhi dada alisimama mbele ya maikrofoni. Alipofika kwenye *sikukuu imeshafika*, mluzi ukapita katikati ya neno, mwembamba, mahali pake. Fundi sauti alifumba macho. Hakuvua visikizi. Alinyoosha kidole gumba juu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Kobe alikwisha kuondoka kabla wimbo haujaisha. Alikuwa na picha mia saba na ishirini za kupiga.

Filamu ilionyeshwa siku ya kwanza ya likizo, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule uliofunikwa madirisha kwa mablanketi. Mlango mdogo ulipofunguka na wajukuu wa mezani wakaingia, Bibi wa Mezani aliwafumbulia kinywa, na lile jino la upande likaonekana na watu mia tatu. Watoto wa safu ya mbele wakaanza kupiga kile kimluzi, wakifundishana jinsi ya kuweka ulimi. Fundi alijiona amenyooka kwenye kiti. Alimgusa mgeni aliyekaa kushoto kwake, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia, "Lile jino ni kazi yangu." Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutazama meno ya mtu huyo.

Kesho yake dada alipita dukani. Hakuketi. Alitoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungulia mezani. Yalikuwa yale mapya, yanang'aa, hayana doa.

"Naona umesahau desturi yako," akasema.

"Dada, hayo si ya kuvunja. Yaweke. Utayavaa siku ya kupigwa picha."

"Nikiyabakiza, nitayarudia. Si ndivyo unavyowaambia watu?"

"Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

"Najua," akasema dada kwa upole. "Niliiona. Haya, vunja."

Fundi aliyatazama kwa muda, yale meno sita yaliyopangika na bamba lake jembamba, akayaweka mwenyewe juu ya chuma. Akatungua nyundo ukutani, akapiga pigo moja tu, la nguvu.

"Asante sana," akasema dada, na mluzi ukatoka mara mbili.